Dera la Manjano na Kizibao Cheusi

Mama,

Nimechoka. Najua barua haianzi hivyo, na ungenikatiza hapo hapo uniulize shikamoo imekwenda wapi. Haya basi, shikamoo mama. Sasa naendelea. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni uchovu wa mtu anayeulizwa swali moja na mji mzima kila siku, na jibu hana.

Swali lenyewe ni hili: "Rehema, mbona huvai kama mamako?"

Niko hapa barazani kwetu Shella ya Malindi. Alasiri imeshaswaliwa, chai yangu imepoa na siinywi, na Khalti Zuhura, nduguyo, amejilaza ndani, anakoroma kwa adabu kama kawaida yake. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea Kikambala, na mtu ninayetaka kumgombeza kwa jambo hilo ni wewe. Wengine wote nimeshawasamehe.

Kwanza habari za kazi, maana najua ndizo ungeziulizia. Kazi ya makuti inakwenda. Wanawake wa Msabaha bado wanashona, Kazungu bado ndiye mkuu wa mafundi wa juu, na mahoteli bado yanavuja masika ikipiga, kwa hiyo riziki haijakatika. Kanta lako, lori letu la makuti, bado linazima likipanda mlima na bado nalibembeleza kwa maneno yale yale uliyokuwa ukilibembeleza nayo. Isipokuwa wewe hupo, na kila mtu ananitazama mimi kana kwamba nimekuficha mahali.

Kosa la kwanza tulilifanya mimi na Khalti, na tulilifanya kwa nia njema. Matanga yalipokwisha, Khalti alisema nguo za marehemu hazikai kabatini, zitoke sadaka, wenye haja wazivae nawe upate thawabu. Nikakubali, ndivyo tulivyofanya kwa bibi na ndivyo tulivyofanya kwa baba. Tukafungua kabati lako mbele ya wanawake waliokuja kusaidia. Wewe unajua kilichokuwamo. Madera ya manjano, yale ya rangi ya bizari iliyokolea, yote mamoja, mshono mmoja, kitambaa kimoja. Chini yake vizibao vyeusi vya kiume, vimekunjwa kama umevipanga kwa rula. Mitandio myeusi. Basi. Mtu hangejua lipi la Idi na lipi la kushindia.

Wanawake walicheka, mama. Walicheka mpaka mmoja akalia. Unajua kugawa nguo za marehemu kunavyokuwa: huyu kapata hariri, yule kapata lililopauka, na mwaka mzima watu hawasemezani. Safari hii hakukuwa na wa kumwonea mwenziwe wivu. Khalti aliyagawa kama anayegawa sukari, kila mtu na fungu lake, majirani, wanawake wa makuti, na mama wa kule sokoni uliyekuwa ukinunua mchicha kwake. Vizibao vikaenda kwa wazee. Kimoja tu nilikibakiza, kile ulichovaa mwisho, na Khalti akanitazama vibaya lakini akaniachia.

Hatukufikiri mbele. Kwa mtu mwingine, nguo zikigawanywa zinapotea mjini, kila moja inajiendea njia yake. Zako zikaijaza Malindi na wewe.

Nilikuona sokoni umeinamia ndizi. Nilisimama nyuma yako mpaka ukageuka na ukawa mke wa jirani. Nikakuona unavuka barabara na mwavuli, nawe maisha yako hukushika mwavuli, ulikuwa ukisema jua ni rafiki wa makuti. Nikakuona umepakiwa kwenye bodaboda upande upande, dera linapepea, na kijana anayeendesha anajitapa kwa wenziwe kwamba leo kampakia Bi Manjano. Nilizoea? Sikuzoea. Kila mara mwili ulitangulia kufurahi, kisha akili ikafika. Hiyo ndiyo iliyonichosha kabla ya kazi yenyewe.

Na watu hawa waliovaa nguo zako wakapata heshima ambayo hawakuizoea. Wauza samaki wanawachagulia aliyenona. Mlinzi wa benki anawafungulia mlango. Mama wa mchicha ameniambia mwenyewe, tena kwa kunong'ona, kwamba tangu avae dera lako hata mumewe hampandishii sauti.

Lakini mimi, mwanao, niliyetembea nyuma yako miaka yote nimebeba futi na mafaili, nilifika kwenye lango la hoteli pale Kikambala nimevaa buibui langu jeusi, na askari akaniuliza, "Wewe ni nani?" Askari yule yule, mama. Aliyekuwa akikupigia saluti nami niko ubavuni pako. Nilipomwambia ni Rehema wa makuti, akasema, "Aa, sikukuona." Nadhani hakuwahi kuniona kabla.

Nilijaribu kuvaa, usidhani sikujaribu. Nilinunua kitambaa kile kile katika duka lile lile, nikashonesha moja la kipimo changu. Siku nilipolivaa nilifika kwenye kona tu. Wazee waliokaa pale wakanyanyuka wote, wakasema, "Bi Manjano, karibu," na sauti zao zilikuwa na furaha ya kweli, ya muda mfupi kabisa, kabla hawajaniona uso. Niliona nyuso zao zikianguka. Nikarudi ndani, nikalivua, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni na mfuko nikausukuma chini ya kitanda. Siwezi kuwafanyia watu hivyo kila siku. Wala sikutaka kujifanyia mimi.

Matangani kila mtu alikuwa na sababu yake ya kwa nini ulivaa vile. Khalti alisema ni mapenzi, kwamba ulipotoka eda ulikichukua kizibao cha baba ukakivaa juu ya dera, na watu walipocheka ukashona vingine kama kile ili wacheke vizuri. Jirani mmoja alisema ni nadhiri. Mwingine akasema uliambiwa na mganga, na Khalti akamfukuza jikoni. Kazungu alisema ni paa: fundi akiwa juu anatazama chini kwenye hoteli yenye watu wa kila rangi, lazima awe na mahali pa kutupia jicho, na manjano inaonekana hata jua likiwa usoni.

Mimi nilikuwa na yangu. Nakumbuka ule mkutano wa wafanyabiashara kule Kilifi, ulipopewa kipaza sauti na kijana mmoja aliyevaa tai akakuuliza siri ya vazi lako ni nini, akitumaini utasema jambo kubwa aliandike. Ukamjibu, "Mwanangu, asubuhi nina mambo mengi ya kufikiri kuliko kabati." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Tulipokuwa garini ukaniambia hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba zamani, ukivaa kama wanawake wengine, walinzi wa mahoteli walikuwa wanakuelekeza mlango wa jikoni wanakopita wauza mboga, na ukishafika jikoni unachukua muda kueleza kwamba hukuleta mboga, umeleta paa. Tangu uvae manjano hukuelekezwa tena.

"Na kizibao je?" nikakuuliza.

"Mifuko," ukasema. "Nguo za kike hazina mifuko. Mtu atawaongozaje watu na mikono imejaa?"

Niliridhika na jibu hilo miaka yote. Nilidhani nimepewa sababu yote. Sasa sikiliza ya Kikambala.

Kazi ilikuwa ukumbi wa chakula, ule mkubwa unaotazama bahari. Unaujua, uliuezeka mwenyewe mara ya mwisho. Kazi ile ndiyo inayowalisha wanawake wa Msabaha msimu mzima, na hoteli nyingine za kule zinaitazama hii kwanza kabla ya kuchagua mtu. Tukiipoteza hiyo hatuna kazi ya kujificha nyuma yake. Na Kazungu alikuwa ameshanijia ofisini, kofia mkononi, akaniambia kwa upole kwamba mafundi wake wameitwa na watu wa Mtwapa, na yeye anajaribu kuwazuia. "Si kwa ubaya, dada Rehema," alisema. "Wanasema hawajui wanamtazama nani."

Kwa hiyo nilikwenda kusimama mimi mwenyewe. Alama zako nazijua tangu utotoni. Mkono juu, pandisha mstari. Kiganja chini, teremsha. Ngumi, funga. Paa la makuti haliwezi kunyooshwa na aliye juu yake, kwa sababu aliye juu anaona kuti lililo mbele ya magoti yake tu. Anayeona ni aliye chini, mbali kidogo. Nilisimama pale pale ulipokuwa ukisimama, karibu na bwawa, na buibui langu jeusi. Sikufikiri kwamba wahudumu wa hoteli nao wanavaa nyeusi. Walikuwa wakipita mbele yangu na nyuma yangu na trei zao, na mimi naonyesha ishara katikati yao.

Basi kanta likafika na makuti kutoka Msabaha, na aliyeshuka nalo ni Kadzo. Unamjua vizuri kuliko ninavyomjua mimi, na hilo ndilo ninalolifikia. Yule mwenyeji wa Marafa aliyeolewa Msabaha, mrefu kama wewe, anayeshona makuti bila kuyatazama. Alikuwa amevaa dera lako, fungu lake la sadaka, na leso kiunoni. Akakaa kwenye ukuta mdogo ule wa bustani, akafungua mahamri yake ale kabla ya kupakua. Tumbili wa pale wakamwona.

Wewe unawajua tumbili wa pale.

Mmoja akapanda kwenye ukuta, akakaa karibu naye kama mgeni aliyealikwa. Kadzo akasimama, akamfukuza, kiganja chini, "Shuka! Shuka!" Tumbili hakushuka. Kadzo akazidisha, mkono wote, kiganja chini, tena na tena. Na juu ya paa, upande wa bahari, watu wa Kazungu wakateremsha. Wakateremsha tena. Kadzo akainua mkono kumtupia kandambili, wakapandisha. Tumbili akachukua hamri akaondoka, Kadzo akakunja ngumi kumlaani, na wao wakafunga.

Mimi nilikuwa napunga mikono karibu na bwawa mpaka mhudumu mmoja akaniuliza kama nahitaji maji ya kunywa.

Meneja alipotoka kutazama, mistari upande ule ilikuwa imekaa kama meno ya mzee. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Mamako angekuwapo, hili lisingetokea," kisha akasema nina nafasi ya kulirekebisha, la sivyo ataita watu wengine. Nikasema ndiyo. Nikamwita Kazungu ashuke na watu wake, nao wakaenda kula kivulini wakiongea polepole, na nilijua wanaongea habari za Mtwapa.

Nikamfuata Kadzo kwenye kanta. Nilitaka kumgombeza. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa makuti na machozi yanamtoka. Nikadhani ni ya hofu.

"Dada Rehema," akaniambia, "usiwagombeze wale. Mino, mimi hapa, ndiye waliyemzoea."

Nikamwuliza amezoeleka vipi, yeye ni mshonaji, hajasimama hata siku moja kuongoza paa.

Akaniambia, mama.

Akaniambia kwamba maumivu yako ya tumbo hayakuanza pale tuliposikia sisi. Kwamba toka mfungo uliopita ulikuwa huwezi kusimama juani. Kwamba ulimwita, ukampima bega kwa bega, ukamvika dera lako na kizibao chako na mtandio wako, ukamchomeka simu sikioni chini ya mtandio, na wewe ukakaa ndani ya kanta hili hili, kioo kimeshushwa nusu, ukitazama paa. Ukisema pandisha, yeye anainua mkono. Ukisema funga, anakunja ngumi. Asubuhi ulishuka mwenyewe kusalimiana na Kazungu, jioni ulishuka mwenyewe kuagana na meneja, na katikati yake ulikuwa umejikunja kwenye kiti cha mbele na mto umeukumbatia. Watamu ilikuwa yeye. Mambrui ilikuwa yeye. Paa lile la Mambrui lililokuja kupigwa picha na kila mtu akakusifia kwamba Bi Manjano hazeeki, alikuwa amesimama Kadzo.

Nami toka mfungo ule ulikuwa umeniweka ofisini Malindi. Ukinipigia simu mchana kuniambia, "Niko juani, mwanangu, nitakupigia baadaye."

Nilimwuliza Kadzo swali moja tu, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nilimwuliza, "Kwa nini wewe? Kwa nini si mimi?"

Alijipangusa uso na leso. "Nilimwuliza hilo," akasema. "Akaniambia, Rehema akijua atanilaza kitandani. Nami nikilala, wale juu watashuka."

Nilikaa kwenye makuti kando yake. Miguu ilikuwa imechoka. Nilikasirika, nakwambia wazi. Nilikasirika kwamba uliumwa pasipo mimi, kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa akikushikia maji na kukusikia ukiguna kwenye simu katikati ya pandisha na teremsha. Ningekulaza, ndiyo. Ningekulaza, na ningekaa chini ya miguu yako. Ulininyima hilo, mama, na sijui nikudai wapi.

Kisha nikacheka. Ilikuja yenyewe, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. Kwa sababu hatimaye nilijua. Mkutano mzima wa Kilifi, na kijana wa tai, na Khalti, na mganga wa watu, wote walikuwa wakitafuta siri ya vazi lako, na siri ilikuwa kwamba nguo moja isiyobadilika inaweza kusimama bila wewe. Ulijishonea mtu wa kukupokea zamu. Sijui kama ulilipanga hilo toka mwanzo au ulilikuta njiani. Nadhani ulilikuta njiani. Ulianza na mlango wa jikoni, ukaendelea na mifuko, na mwili ulipokushinda ukaona kumbe nguo imeshajifunza kazi.

Na miezi yote hii nilijiona mnyonge kwa kuwa siwezi kuwa wewe. Kumbe na wewe ilikushinda.

Nikawaita mafundi. Walikuja, wakakaa kwenye ngazi na kwenye mizigo, na nikawaambia. Nilimtazama Kadzo kwanza akatikisa kichwa kukubali, ndipo nikasema. Sikupanga maneno. Nilisema, "Nimechoka. Na mama alichoka kabla yangu, hakutuambia." Nikawaeleza habari ya kanta na simu. Vijana wakaguna, wakamtazama Kadzo kama wanaomwona leo. Kazungu peke yake ndiye aliyebaki anachora chini na kijiti.

"Mimi nilijua," akasema.

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Bi Manjano hakuwa mtu wa kungoja. Akiona, mkono uko juu. Huyu alikuwa akisimama kwanza kama anayesikiliza redio."

Nikamwuliza mbona alinyamaza.

"Kwani mistari ilikuwa haiko sawa?" akasema. Kisha akaongeza, polepole zaidi, "Alikuwa hataki kuonekana amekaa. Mtu kama yule, mimi nani nimwonyeshe kwamba nimemwona?"

Nikamwuliza leo je, kwa nini amemfuata Kadzo na tumbili wake. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani nawe umefanya vile vile, dada. Nilidhani umekaa kivulini, umemsimamisha huyu. Nikasema, ahaa, sasa tumepata mwenyewe."

Hapo mmoja wa vijana akauliza, kwa hiyo lile la pili la teremsha lilikuwa la tumbili? Wote wakaangua kicheko, hata Kadzo, hata mimi. Nilikuwa sijacheka na watu hao tangu tukuzike.

Tulilifungua upande wote ule na kuanza upya. Nilimwomba Kadzo asimame karibu na bwawa na dera lako, na safari hii hakuna simu wala mtandio wa kufichia. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki hatua chache nyuma yake, mahali ambapo kila fundi aliniona nimekaa. Mwanzo nilikuwa nikimwambia, pandisha, teremsha. Baada ya muda nikaona mkono wake unainuka kabla sijafungua mdomo, na uko sahihi. Alikuwa amekusikiliza miezi yote ile, mama. Alikuwa anajua jicho lako linakwenda wapi. Nikanyamaza nikamwacha.

Nilikuwa nimekuja na kizibao chako kwenye mkoba, sijui kwa nini, nadhani kwa kuwa sikutaka kukiacha nyumbani na macho ya Khalti. Nikakitoa nikakivaa juu ya buibui. Nikatia mkono mfukoni kutafuta pa kuweka futi na penseli, na nikakuta peremende zako za tangawizi, zimeshikamana na karatasi zake. Ulikuwa ukiniambia ni za sauti, kwa ajili ya kuwaitia watu wa juu. Zilikuwa za kichefuchefu, sivyo? Nilimumunya moja pale pale, na karatasi kidogo imeganda juu yake. Nililia huku najimumunyia peremende, na hakuna aliyegeuka, maana wote walikuwa wakiitazama manjano. Nikaelewa na hilo pia. Mtu anaweza kulia kwa raha kabisa nyuma ya rangi ile.

Paa limekwisha. Meneja alilizunguka lote, akarudi, akaniuliza nani msimamizi wake wa chini, akitaka jina kwa ajili ya kazi nyingine ya msimu ujao. Nikamwambia Kadzo. Mafundi hawakwenda Mtwapa. Nimemtoa Kadzo kwenye kushona, sasa yeye ndiye msimamizi, na nimewaeleza wote kwamba akiinua mkono ni yeye anayesema, si mimi ndani yake na si wewe. Nimeutoa ule mfuko chini ya kitanda, nikampa na dera langu, maana la sadaka limeanza kupauka mabegani. Rangi ni yake sasa. Mifuko ni yangu. Watu wa Shella bado wananiuliza mbona sivai kama wewe, nami nawaonyesha kizibao, nawaambia, nimeanza na juu. Wanacheka, wananiacha nipite.

Juzi nilikuona tena, karibu na msikiti, unatembea taratibu na kapu. Mwili ulitangulia kufurahi kama kawaida yake. Safari hii sikuuzuia, nikakusalimia. Yule mama akaitikia marahaba, na mimi nikaichukua, nikaja nayo nyumbani.

Sasa Khalti ameamka, nasikia anaita chai. Nakuaga. Mola akulaze mahali penye kivuli, pasipo na paa la kunyoosha. Na ahadi yangu ni hii, ishike unidai kwayo: siku mwili ukinigeuka, sitamvika mtu nguo zangu kwa siri nikajikunja ndani ya gari. Nitasema nimechoka, kwa sauti, mbele ya wale walio juu, na atakayetaka kunilaza nitamwacha anilaze.

Nawe kaa, mama. Usiinuke kwa ajili yetu. Kuna mtu amesimama.

Mwanao,
Rehema